Pasi Zilizopoa

Kila siku saa moja asubuhi, wapiga pasi sita wa chumba cha kufulia cha hospitali walisimama mbele ya pasi zao, zikiwa baridi kama mawe, wakimsubiri msimamizi akasirike. Umeme wa chumba kile ulikatwa wiki ya pili tangu mama huyo apewe cheo, ilipoonekana kwamba akifoka tu, pasi zinapata moto. Fundi umeme alikuja, akatazama, akaandika kuwa nyaya hazihitajiki, akaenda kunywa chai.

Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mdomo, basi. Mmoja wa wale sita alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Siku moja, kisa mkunjo mmoja kwenye shuka, msimamizi alimwambia dada yake mbele ya wenzake, "Ndiyo maana mumeo alikukimbia." Pasi zilichemka mpaka jioni. Dada mtu alinyoosha shuka arobaini bila kuinua macho.

Jambo hilo lilimkaa msimamizi rohoni. Akaamua kujirudi. Hasira zikimpanda, alimeza mate, akahesabu vigae vya ukutani, akasema, "Haya jamani, tuendelee taratibu." Taya zilimuuma, lakini baada ya wiki mbili aliweza.

Pasi zikapoa. Shuka zikapelekwa wodini zikiwa mbichi, na wagonjwa wakaanza kukohoa.

Mkuu wa hospitali akamwita. "Mama, kulikoni?"

"Najifunza kujitawala, bosi. Nitawaongozaje watu, na nafsi yangu mwenyewe inanishinda?"

"Vizuri sana. Ila jifunzie nyumbani. Hapa tuna wodi nne."

Aliomba basi umeme urudishwe. Mkuu alimjibu kwamba umeme upo kwenye mpango.

Aliporudi chumbani alijaribu kufoka. Sauti ilimtoka kama ya mtu anayesoma tangazo, na pasi zikapata uvuguvugu tu. Dada yake akaweka shuka chini.

"Nifokee mimi."

"Siwezi, dada."

"Mdogo wangu, wodi ya watoto hawana cha kulalia. Anza na habari ya mume wangu."

Alianza kwa kusitasita. Katikati hasira ikaja yenyewe, ya kweli, na ilikuwa tamu kuliko alivyoikumbuka. Alisema ya mume, akasema ya mimba zilizoharibika. Maji yalifuka mvuke juu ya shuka. Kabla ya saa sita wodi zote nne zilikuwa zimetandikwa.

Sasa wapiga pasi wana zamu ya kutukanwa, imebandikwa mlangoni. Mkuu ameleta cheti cha pongezi. Dada mtu amechukua Jumatatu na Ijumaa, kwa kuwa wengine wana watoto wadogo na hurudi nyumbani wakilia. Siku zake huja na kikaratasi alichoandika mwenyewe, chenye mambo mapya ya kuambiwa, humpa msimamizi mkononi, kisha husimama mahali pake na kukunja mikono ya blauzi.