Migongo Mbili pa Mukutano wa Maternite

Ile mwezi, kule Naviundu, kama ulitaka bantu babishane, haikukuwa lazima kuleta pombe. Ulisema tu neno moja: maternite.

Leta, ni serikali, ilikuwa imetangaza kama mwanamuke atazala bure ku maternite, na kisha ya pale kila jamaa itaingia mu mutuelle. Ni kusema, kila mutu anatosha feza kidogo kila mwezi, na siku ya bugonjwa mutuelle inamulipia. Radio ilisema, pasta alisema, bamama ba makala balisema, na kila mutu alikuwa na yake. Bamoja: "Sasa tumepona!" Bengine: "Bure ya Leta? Ngoja uone."

Mama Kunda, muuzishaji wa samaki ya baridi, alikuwa kati ya hawa bengine. Na hakukuwa nabisha juu ya kupitisha wakati. Binti yake Cathy alirudia kwake kuzala mutoto wa kwanza, sawa vile desturi inatakaka, na tumbo ilikuwa imekwisha kushuka. Kunda alipashwa kuchagula. Santre ya kartie, kituo ya afya ya mutaa wao, ilikuwa karibu, fasi ya hiyo bure. Kliniki ya kulipa ilikuwa kule Hewa Bora, na kwa kuilipa angeuzisha friji yake. Friji ikienda, samaki zimekwenda, na biashara nayo. Lakini Cathy akipata taabu pa fasi ya bure, friji itamusaidia nini?

"Mama," Cathy alikuwa anamuambiaka, "Paulin anasema santre iko muzuri."

"Paulin anasema? Miye sijamusikia."

Na alisema kweli. Paulin, bwana ya Cathy, alikuwa muko wake. Kunda ni wa huku, wazee wake balilimaka karibu na migodi mbele muji ipanuke. Jamaa ya Paulin ilitoka Kasai. Hizi jamaa mbili zilibishana juu ya kila kitu, hata kiasi ya chumvi mu sombe. Pa jambo moja tu zilipatana: muko hatazame mama ya bibi yake mu macho, hasemezane naye, hakule mbele yake. Kunda akionekana kwa mbali mu barabara, Paulin alikuwa anaingia mu butike ya kwanza yenye aliona. Siku moja ilikuwa butike ya nguo za bibi-harusi. Alibakia mule, anashika hii, anashika ile, mpaka muuzishaji akamuuliza harusi iko siku gani.

Sasa sikia hii. Kazi ya Paulin ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba juu ya kuelezea bantu hii mambo ya kuzala bure na mutuelle. Alipita kwa wachoma mikate, kwa mafundi ya piki-piki, kwa wazee benye masikio yao imekufa. Mulango moja tu hakubisha hodi, mulango ya Mama Kunda. Hivi mama-mukwe ya muelezaji njo alibakia, mu Naviundu muzima, mutu asiyeelezewa kitu.

Siku ya Mungu, kisha ibada, shefu wa kartie, Baba Kapya, aliita bantu mu kiwanja ya kanisa. Kunda alifika mbele ya bengine, akakamata kiti ya mbele kabisa, akafunga kitambaa yake vizuri. Alikuja na swali moja, na alitaka jibu yake leo.

Kapya akapiga mu mikro: "Aló, aló! Bamama, bababa, leo hakuna matusi. Kama uko na kasirani, iache ku mulango, utaikamata ukitoka. Sasa mutu wa santre atatuelezea."

Mutu wa santre akasimama. Ilikuwa Paulin.

Paulin aliona Kunda. Kunda aliona Paulin. Paulin akatazama mawingu sawa vile mvua iko karibu kunyesha, na ilikuwa jua kali. Kunda naye akashusha kitambaa mpaka pa pua. Bantu balijua hiyo mambo. Kicheko ilianzia nyuma, ikakuja mbele.

"Baba Paulin," mwanamuke moja akalalamika, "utatufundisha ao utahesabu ndege?"

Paulin akaanza kusema, macho yake juu. Mutuelle hivi, kuzala hivi. Fundi moja wa piki-piki akasimama: "Miye siko na bugonjwa! Juu ya nini nilipie kikohozi ya jirani?" Jirani yake akamujibu palepale: "Na siku utaanguka na ile piki-piki yako, utaniita miye ao utaita kikohozi?" Bengine balisema Leta ilipe yote, bengine balisema kitu ya bure haina heshima. Mama Christiane, mukubwa wa banganga ba santre, alikuwa anakunja uso tu, mikono mu mifuko ya blouse yake nyeupe ya kazi.

Pale Kunda akanyanyua mukono. "Baba Kapya, uulizie ule mutu: bure ni bure ya nini?"

Kapya akageuka kwa Paulin. "Mama anauliza juu ya nini uko bure, hauna kazi."

"Sikusema vile!" Kunda akalia. Kiwanja ikapasuka kicheko.

Paulin akamunongonezea Kapya mu sikio. Kapya akarudi kwa Kunda: "Anasema kila kitu iko sawa, mama, ulale tu salama."

"Hakuna vile nilisema," Paulin akaguna.

Wakaenda vile, wakarudi vile. Swali ilitoka kwa Kunda ikiwa mutu muzima, ikifika kwa Paulin imekwisha kupoteza muguu. Bantu balifurahi sana. Lakini Kunda alikuwa anaona friji yake inapanda juu ya pusi-pusi ya kusukuma, inakwenda. Akasimama, akageuza kiti yake, akakaa, mugongo kwa mukutano, uso kwa ukuta ya kanisa.

"Miye sisemi na mutu," akasema kwa sauti kubwa. "Niko nasema na hii ukuta. We ukuta! Mutoto yangu akifika ku ile santre, watamuomba nini? Uniambie kweli."

Paulin naye akafikiri kidogo. Kisha akageuka, mugongo kwa Kunda, uso kwa mulango ya chuma ya kiwanja.

"Na miye niko nasema na hii mulango," akasema. "We mulango, kama mutu angeniuliza, ningesema hivi: kitanda ni bure. Munganga wa kuzalisha ni bure. Wakipasua tumbo juu ya kutosha mutoto, ni bure. Mutoto akikawia kulia, dawa yake ya kwanza ni bure."

"Eh, ukuta," Kunda akasema, "hii ni redio. Hata miye naisikiaka. Nilikuuliza watamuomba nini."

Mama Christiane akakohoa kwa nguvu. Paulin alisikia hiyo kikohozi, na Kunda naye aliisikia. Mulango ya chuma ilingojea.

"We mulango," Paulin akasema pole-pole, "ma-gants, ile banganga banavaaka mu mikono, inaishaka mbele mwezi iishe. Ikiisha, wanaomba mama aje na yake. Maji haitokake kila siku, ukuje na bidon ya maji. Na ile dawa ya mutoto kisha kurudi nyumba, hiyo haiko mu bure, haijawa. Mwenye anasema iko, anadanganya."

"Paulin!" Mama Christiane akasimama. "Uko natuuzisha mbele ya bantu!"

"Umuache, mama," Kunda akasema, uso kwa ukuta. "Ni leo tu, kisha miezi yote hii, mutu ananiambia kitu yenye haiko. Kitu yenye haiko naweza kuitafuta. Ma-gants nitanunua. Bidon niko nayo. Yenye inaniogopeshaka ni fasi yenye wanasemaka yote iko, unafika, unakuta mukono ya munganga iko inangojea kitu na hakuna mutu anakuambia ni nini."

Bamama batatu-bane balipiga makofi. Mama moja mwenye mimba akageuza kiti yake naye, akaangalia ukuta: "Na miye nauliza ukuta: kama maumivu inanikamata usiku?"

"Mulango," Paulin akajibu, "kuko munganga wa zamu, analala palepale."

Kisha ya pale kila mutu alitaka kusema na ukuta. Hata fundi wa piki-piki alikuja kuuliza mutuelle ni kiasi gani kwa mutu asiye na bibi bado. Mama Christiane mwenyewe, kasirani ikamupita, akaanza kuongezea kwa sauti vitu vyenye Paulin alisahau, na akasema kesho ataandika pa mulango ya maternite, kwa rangi kubwa, yenye iko na yenye haiko. Baba Kapya alibakia na mikro mu mukono, hakuna mwenye alikuwa na lazima naye.

Kunda alirudi nyumba jua ikiwa inaelekea kushuka. Cathy alikuwa pa barza, miguu mu beseni ya maji.

"Mama? Ilikuwa namna gani?"

"Tunaenda santre ya kartie. Kesho utanifundisha fasi wanauzishaka ma-gants, ile ya kweli, haiko ya kufulia nguo."

Cathy akafungua macho. "Lakini juzi ulisema—"

"Juzi nilisema. Leo nasema."

"Paulin njo alikuambia nini?"

Kunda akafungua friji, akatazama samaki zake mustari kwa mustari, zimelala katika barafu, akachagula moja munene kwa chakula ya mangaribi.

"Paulin gani? Miye sisemezanake na muko wangu. Hiyo ni haya." Akapiga samaki juu ya meza. "Lakini ile mulango ya kanisa, mwanangu, ile mulango iko na akili mingi. Uliolewa vizuri."