Mbio za Mwalimu Mitokondria

Wanafunzi walimwita Mitokondria, na yeye, Mungu amsamehe, alidhani ni heshima. Neno lenyewe lilikuwa halimkauki mdomoni. Mitokondria ndiyo jiko la seli, alisema: chakula kinaingia, oksijeni inaingia, nguvu inatoka. Alilisema darasani, akalisema ofisini wenzake wakinywa chai, na siku moja alilisema msibani. Tena kwake hakukuwa na jibu la mkato. Mwanafunzi akiulizwa husimama, hujibu kwa sentensi kamili, la sivyo husimama hivyo hivyo mpaka kengele ilie. Shule ile ilikuwa na watoto wenye magoti imara ajabu, na ni baiolojia iliyoyaimarisha.

Mmoja wa waliosimama sana alikuwa binti yake wa kumzaa. Huyo, akishaingia getini, alimwita "mwalimu" mpaka anatoka. Usidhani ni adabu, ilikuwa aibu tupu. Jioni alimwacha baba atangulie, akafuata kwa mbali, na wakikaribiana kwa bahati mbaya alivuka barabara. Mitokondria alijitia hamnazo, lakini jambo hilo lilimuuma. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu.

Basi yakatangazwa mashindano ya michezo, na miongoni mwake mbio za walimu, mzunguko mmoja wa uwanja. Mitokondria akapata wazo. Mawazo ndiyo yaliyomponza maisha yake yote.

"Nikishinda," alimwambia binti yake jikoni, "tutarudi nyumbani pamoja. Bega kwa bega."

Binti aliacha kuosha sahani. "Na ukishindwa je?"

"Sayansi haishindwi."

"Baba, usikimbie. Nakuomba."

"Kwa nini nisikimbie?"

"Ukipanda ngazi mbili tu unashika ukuta."

"Hilo ni suala la oksijeni," alisema Mitokondria, akaenda kukaa.

Wiki nzima aliifundisha mipango yake darasani, kana kwamba ilikuwa kwenye mtaala. Misuli, alisema, ina njia mbili za kupata nguvu. Ukienda taratibu, damu inaleta oksijeni ya kutosha, glukosi inavunjwavunjwa yote, yanabaki maji na kaboni dioksidi, na nguvu ni tele. Ukienda kasi kuliko pumzi yako, misuli haingoji: inaivunja glukosi nusunusu bila oksijeni, nguvu inayopatikana ni ya kubabaisha, na asidi laktiki inabaki humo humo ikikuchoma. Wajinga huanza na njia ya pili. Yeye angeanza na ya kwanza, mwendo wa mtu anayekwenda dukani, awaache wenzake waungue, na mwishoni kabisa ndipo aifungulie ile ya pili.

"Mwalimu," aliuliza mmoja kutoka nyuma, "hamira ikikosa hewa inatengeneza pombe. Sisi kwa nini tunapewa asidi?"

"Kwa sababu ingekuwa pombe, kuna watu wangekimbia kila siku," alijibu Mitokondria. Darasa likaangua kicheko. Binti yake naye nusura acheke, akajizuia.

Mazoezi hakufanya. Mazoezi ni ya wale wasiojua nadharia. Aliichora miguu yake ubaoni kwa chaki ya rangi, misuli yote ikaonekana, na kusema kweli ile ya ubaoni ilikuwa na afya kuliko ile aliyokuja nayo uwanjani.

Siku ikafika. Kwenye mstari, pembeni yake alisimama mwalimu wa hesabu, mtu mwembamba mwenye kaptura mpya. Alimtazama Mitokondria kuanzia kitambi hadi viatu, akatabasamu.

"Mzee mwenzangu, nyumbani umeaga?"

Hapo nadharia yote ikayeyuka. Filimbi ilipolia, Mitokondria hakwenda dukani wala sokoni. Alichomoka mbio za mtu aliyeibiwa. Kona ya kwanza aliongoza, naam, aliongoza! Uwanja ulilipuka kwa makelele, na kwenye viti binti yake alisimama, mikono kinywani.

Kona ya pili oksijeni ikaaga. Mapaja yakawaka moto, mashavu ya miguu yakakaza, na mtaalamu wetu akaketi chini katikati ya njia mchana kweupe. Mwalimu wa hesabu akampita. Mwalimu wa historia akampita. Mpishi wa shule, aliyeingia mbioni kwa utani, akampita akiwa na aproni yake.

Na wanafunzi je, wangeiachia nafasi kama hiyo?

"Mwalimu, misuli ikikosa oksijeni hutokea nini?" alipaza sauti mmoja. Wengine wakadakia, "Simama ujibu! Sentensi kamili!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Mitokondria aliinamisha kichwa. Kicheko angekivumilia. Alichokuwa akikiona ni ile barabara, na mtoto akiivuka, safari hii asirudi tena.

Alipoinua macho, viatu vya binti yake vilikuwa mbele yake.

"Rudi ukakae," alisema baba akihema. "Watakuona."

Binti hakwenda. Alisema kwa sauti iliyofika viti vya nyuma, "Asidi laktiki huondolewa na nini?"

"Oksijeni."

"Sentensi kamili."

"Asidi laktiki... huondolewa na oksijeni... mtu akitulia akapumua."

"Basi pumua, baba."

Mitokondria akavuta pumzi. Machozi yalimtoka, akasingizia vumbi.

Binti akamwinua, akapenyeza bega lake chini ya kwapa la baba, wakajikokota nusu mzunguko iliyobaki, yeye akimhesabia pumzi. Walimaliza wa mwisho, zawadi zimeshagawiwa. Wakauvuka mstari, hawakusimama, wakaendelea hivyo hivyo mpaka getini na kushika njia ya nyumbani.

"Ungeanza taratibu," alisema binti.

"Najua," alisema baba. "Nimefundisha."