Rambirambi za Karisa

Siku ambayo huduma ya dharura ya afya ya akili ilizinduliwa kwa semina katika hoteli moja ya Bofa, Dkt. Japheth, daktari ambaye mahakama ilikuwa ikimtafuta kwa miezi, alikuwa ameketi safu ya mbele amevaa fulana ya bluu iliyoandikwa "Tuko Nawe Saa Zote". Mtu aliyemhitaji saa hizo hizo alikuwa Malindi, mahakamani, na pingu mikononi. Lakini fulana haikutaja Malindi, basi wa kulaumiwa hakuna.

Mtu huyo ni Karisa, na aliyekuja kumsemea ni dada yake, Sidi, mkulima wa mahindi na mihogo kutoka Adu. Karisa alikuwa kibarua katika mashamba ya chumvi ya Marereni, mtu wa kazi asiyejua uvivu, mpaka asubuhi moja alipochukua sepetu akaanza kuirudisha chumvi baharini. Alisema chumvi ile ina mwenyewe, na mwenyewe amekuja kuidai. Msimamizi alipomzuia, sepetu ikavunja kioo cha gari la kampuni. Kampuni, kwa huruma zake zisizo na kifani, ikamwitia polisi. Hakimu alimtazama mara moja tu, akaagiza apimwe akili kabla ya kujibu mashtaka. Hapo ndipo Karisa alipokwama.

Kila kesi ilipotajwa, daktari hakuwapo. Mara yuko Naivasha kwenye semina ya kuandika sera, mara yuko Mombasa kwenye semina ya kupitia ile sera ya Naivasha. Karisa hurudishwa rumande, ambako wenzake humpiga kila anapoanza kusemezana na bahari. Mara ya mwisho Sidi alipomwona, alikuwa amebaki mifupa na hakumjua dada yake mpaka alipotajiwa jina. Hakimu naye alikuwa ameshasema wazi: daktari asipofika kesi itakapotajwa tena, siku ile ile ya uzinduzi, kabla ya mahakama kufungwa, mshtakiwa atarudi rumande mpaka likizo ya mahakama iishe. Sidi hakuhitaji kwenda chuo kujua kwamba ndugu yake hataufikia mwisho wa likizo hiyo akiwa hai.

Kwa hiyo Charity, mratibu wa semina, alipomwomba aje kuwa "sauti ya familia", Sidi alikubali mara moja. Charity alitaka sauti. Sidi alitaka daktari.

Semina ilifunguliwa kwa sala, kisha dua, kisha wageni wakatambulishwa, kisha waliowatambulisha wageni nao wakatambulishwa, ikawa saa ya chai. Kabla ya chai mheshimiwa mgeni rasmi alitamka kwamba wagonjwa wa akili ni ndugu zetu na mahali pao si jela. Makofi yalipigwa hadi wahudumu wakachungulia. Watu wakaifuata chai wakiwa wameridhika, maana ndugu zao walikuwa wameshatetewa.

Sidi alimkuta Dkt. Japheth ana sambusa mkono huu na kikombe mkono ule.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama."

"Mimi ni dada yake Karisa, yule wa chumvi. Yuko mahakamani Malindi sasa hivi, hakimu anakungoja. Nakuomba twende, baba. Ukimwona tu, yatakwisha."

"Pole sana, mama. Kesi hiyo inanigusa moyo." Akatafuna. "Lakini mchana natoa mada, 'Kuwafikia Wasiofikika', na mheshimiwa yupo. Tena kwenda mahakamani kuna utaratibu. Gari liombwe mapema, mafuta yaidhinishwe."

"Gari si lile pale nje?"

"Lile ni la semina, mama."

Hasira ilimpanda Sidi mpaka masikio yakamvuma. Akaenda kusimama kando ya ukuta, akawatazama watu wale wema wakichagua mandazi. Akakumbuka Karisa alipougua mara ya kwanza, jinsi yeye Sidi alivyozunguka Adu nzima akiomba pikipiki ya kumpeleka zahanati na kila nyumba ikampa pole. Wiki ile ile mzee mmoja akafariki jirani, na kabla ya jua kutua malori mawili yalikuwa yamepatikana. Kwetu mgonjwa hupewa pole; gari hutafutiwa maiti.

Wazo likamjia, likamtisha. Kumtamkia kifo mtu aliye hai ni kumwitia, hilo alifundishwa tangu yuko mgongoni mwa nyanyake. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na jina lake lilikuwa limeshaitwa kwenye kipaza sauti.

"Mimi ni Sidi. Nilikuja kuwaeleza habari za ndugu yangu Karisa, anayeumwa akili." Akakisogeza kipaza sauti karibu. "Karisa amefariki. Nimearifiwa sasa hivi. Yuko Malindi."

Kumbe dharura inawezekana! Ukumbi mzima ulisimama. Mheshimiwa akavua miwani, akaomba dakika ya kimya, na mwenyewe akaikatiza kwa kutangaza rambirambi zake. Charity alikuwa ameshampigia chifu wa Adu kuhusu hema na viti. Gari la semina likageuka gari la msiba hapo hapo, wala haikusikika nani aliyeidhinisha mafuta.

"Daktari," mheshimiwa akaamuru, "mpeleke mama kwa marehemu wake."

Mada ya wasiofikika ikaahirishwa. Njiani Dkt. Japheth alimfariji Sidi kwa ufasaha, akimweleza hatua za majonzi moja baada ya nyingine. Sidi alijifunika leso usoni, na machozi hayakuwa ya kuigiza. Alikuwa akimwomba Mulungu amsamehe ulimi wake, na akiomba amkute Karisa anapumua.

Walipoingia Malindi, dereva akauliza ni mochari ya hospitali gani.

"Mahakamani," Sidi akasema.

Karisa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, kati ya askari wawili, akitafuna kucha.

"Huyu nani?" daktari akauliza.

"Ndiye marehemu."

Dkt. Japheth alipandwa na mori. "Mama, umetudanganya! Watu wamelia kule! Umesema amekufa!"

"Kwanza nilikwambia yu hai, daktari. Ulikuwa unakula sambusa."

Daktari akaketi kando ya Karisa. Na kilichomuuma Sidi kuliko vyote ni kwamba hakuwa daktari mbaya. Aliuliza kwa upole, akaisikiliza habari ya chumvi na mwenyewe bila kucheka, akaenda kumweleza hakimu kwamba mtu huyu ni mgonjwa, hawezi kujibu mashtaka, na apelekwe hospitali. Hakimu akaagiza apelekwe siku ile ile. Kazi iliyoshindikana miezi yote ilichukua muda wa kikombe kimoja cha chai.

Simu ya Sidi ikalia. Ni Charity: huko Adu hema limesimama, kina mama wanaomboleza, na baba mdogo Masha, aliyeapa kutokanyaga boma lenye mwendawazimu, amefika akivuta mbuzi. Wanauliza maiti itafika saa ngapi. Sidi akaifunika simu kwa leso, lakini Karisa alikuwa ameshasikia.

"Dada," Karisa akauliza, "nani amefariki?"

Sidi alikuwa amechoka kudanganya. "Wewe."

Karisa akalitafakari hilo kwa makini. "Watu wamekuja?"

"Wengi. Hata baba mdogo Masha. Ana mbuzi."

"Waambie wasitawanyike," Karisa akasema. "Wanisubiri nitoke hospitali."