Maneno Kumi ya Profesa Neeta

Profesa Neeta, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa bingwa wa kumbukumbu za watu wengine. Zake mwenyewe, lo, tuziache. Nusu karne iliyopita, wenzake wakibisha kwamba akili haipimiki, yeye alitunga mtihani wa maneno kumi ambao mpaka leo wazee wanapimwa nao. Sasa ana miaka themanini na mitatu, na mwezi huu ameunguza sufuria tatu. Mbili, anadai yeye. Ya tatu haikumbuki.

Bintiye Bhavini aliweka sharti: akapimwe, na akishindwa, nyumba yake ya ughaibuni, mtaa wa Perry Barr, ifungwe, mama ahamie kwake, mji wa Leicester. Profesa aliipenda nyumba ile. Eti akakae kwa watu, wajukuu wamfundishe kuwasha televisheni? Ng'o!

Mhudumu wake wa nyumbani, Gertrude, mwanamke wa Siaya, alimpeleka kwa basi hadi kliniki ya Small Heath. Huko nesi Mandeep akaanza kumsomea polepole: sukari, kandili, kamba, sabuni. Profesa akaduwaa. Yalikuwa maneno yake! Aliyatoa kwenye rafu za duka la baba yake, kwa mpangilio ule ule. Mandeep, maskini, hakujua. Basi Profesa akakunja uso kama anayejitahidi, akayataja yote, akijifanya kusita kwenye la saba kwa ajili ya adabu. Kumi kwa kumi. Mandeep akampongeza kama mtoto aliyejifunga viatu mwenyewe.

Kwenye kituo cha basi, Profesa alivimba kichwa. Akamsimulia Gertrude jinsi alivyomzunguka mpimaji, na Gertrude akacheka sana, kisha akauliza, bila ubaya wowote:

"Sasa Mama, mtu akiwa ameyajua maneno tangu zamani, hapo anapimwa nini?"

Hapo ndipo Profesa alipokumbuka. Kanuni ya kwanza ya mtihani, aliyoiandika yeye na kuwagombeza wanafunzi kwa ajili yake miaka nenda miaka rudi, ilisema: ayajuaye maneno haya asipimwe kwayo. Kule ndani haikumjia hata kidogo. Sukari ya utotoni anaikumbuka, kanuni yake mwenyewe aliisahau.

Alicheka mpaka wapita njia wa Coventry Road wakageuka. Kisha kicheko kikakatika, akaogopa. Gertrude akamshika mkono, akamwambia waende tu nyumbani, yeye hajasikia kitu. Basi likaja, likafungua mlango. Profesa akautazama ule mlango. Maisha yake yote amewaambia watu kupimwa akili si aibu, na leo yeye ndiye wa kukimbia kipimo?

"Mganga hajigangi," akasema. "Na huyu alitaka hata kujiandikia cheti."

Wakarudi. Profesa akaungama kila kitu. Mandeep akaona haya kuliko yeye, akatafuta orodha nyingine, ya maneno ya watu baki, akamsomea. Wakazungumza habari za mvua dakika tano, kama utaratibu unavyotaka, kisha akamuuliza. Profesa alikumbuka matatu, na moja kati ya hayo halikuwamo.

Kalamu ya Mandeep ikasita.

"Andika mawili," Profesa akamwambia. "Halafu andika kwamba nilirudi mwenyewe."

Mandeep akaandika. Profesa akamwomba Gertrude simu, ampigie Bhavini kabla hajasahau.