Injini Iliyokula Vidole vya Kaka

Kinyozi hakuipenda ile injini tangu siku ilipoingia nyumbani kwake. Ilikuwa injini ndogo ya ndege ya kuchezea, inaenea kiganjani, lakini ndiyo iliyomkata kaka yake vidole viwili vya mkono wa kulia. Kaka alikuwa fundi cherehani. Siku hiyo alikuwa akiiwasha kwa kuisukuma propela kwa kidole, kama alivyozoea, propela ikarudi nyuma ghafla, na kabla hajajua kuna nini damu ilikuwa imetapakaa kwenye bawa. Alipopona aliivunja ndege yake vipande vipande. Injini akamletea mdogo wake, imeviringishwa kwenye kitambaa.

"Itupe au itumie," alisema. "Mimi siwezi kuitazama."

Kinyozi angeitupa. Lakini mezani uani kwake kulikuwa na ndege ya mbao nyepesi aliyokuwa akiiunda, ya kurusha kwa rimoti, na alimwona kaka kila akipita anavyojifanya haioni, kisha anageuka kuichungulia. Akajua kaka anataka iruke. Akapiga moyo konde.

Aliifunga injini kwenye ubao wa mbele kwa bolti nne. Kila bolti aliikaza, akailegeza kuikagua, akaikaza tena. Mkewe, mjamzito wa miezi ya mwisho, alikuwa akimtazama kutoka mlangoni.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," alimtania. "Sasa wewe, aliyeumwa ni shemeji, mbona unayeruka ruka ni wewe?"

"Nyoka mwenyewe si ndiye huyu nimemshika?"

Mke akacheka. Yeye hakucheka.

Kilichompa taabu zaidi ni boneti, lile ganda jembamba la plastiki linaloifunika injini na kuipa ndege pua. Ukishaivisha, huoni tena skrubu ziingie wapi. Basi alibandika vipande vya karatasi ngumu ubavuni mwa ndege, vyenye vitundu palepale penye skrubu, akavikunja nyuma, akaivisha boneti, kisha akavilaza juu yake na kutia alama. Akatoboa polepole. Akakata nafasi ya kichwa cha injini na ya bomba la moshi, akapiga msasa kingo zote. Kati ya boneti na propela aliacha mwanya wa kupitisha karata moja. Alipokaza skrubu ya mwisho, pua ilikaa kama ndege imezaliwa nayo.

Hapo ndipo hofu ilipomzidi. Injini ilipokuwa wazi aliiona yote, kila nati na ule mpira mwembamba wa kupitisha mafuta. Sasa ilikuwa imejificha.

Asubuhi ya kuijaribu alihitaji mtu wa kushika mkia. Mkewe alikataa katakata. "Nikishika hicho kitu nitajifungulia hapa hapa." Kinyozi alikuwa karibu kuahirisha, na moyoni akishukuru, mlango wa uani ulipofunguka akaingia kaka.

"Nitashika mimi," kaka alisema.

"Kaka, si lazima."

"Nimesema nitashika."

Kinyozi alimwambia mkewe akae ndani. Kaka akapiga magoti nyuma ya ndege, akaushika mkia kwa mikono miwili, ule mzima na ule wa vidole vitatu. Uso wake ulikuwa umepauka. Kinyozi akaunganisha betri kwenye plagi, akachukua kijiti, akaipiga propela. Kimya. Akapiga tena. Injini ikakohoa, ikashika, ikaanza kunguruma.

Aliiacha ipate moto, akachomoa betri, maana sasa ilijiendesha yenyewe, akarudi nyuma ya bawa na kupandisha mafuta kwa rimoti. Mngurumo ukawa mlio mkali wa kutoboa masikio. Vumbi likaruka. Akashusha mafuta.

Mlio haukushuka.

Akakishusha kishikio cha rimoti mpaka mwisho, akakipandisha, akakishusha tena. Wapi! Injini ilipotetemeka kwa nguvu zote, waya wa kuvuta kabureta, ule wa kupunguza mafuta, ulikuwa umepanda ukingo wa ndani wa boneti na kunasa. Mpira wa mafuta, ambao angeubana kwa vidole tu na kumaliza shughuli, ulikuwa ndani ya ganda alilolifunga kwa ustadi wake mwenyewe.

"Izime!" kaka alipiga kelele.

"Imenasa!"

Ndege ilikuwa ikivuta kama mbwa aliyeona paka. Magoti ya kaka yalianza kuteleza mchangani. Kinyozi akaona ule mkono wa vidole vitatu unaachia, unashika, unaachia. Akainua macho. Mkewe alikuwa ametoka jikoni na beseni la nguo mbichi za kuanika, amesimama mbele ya pua ya ndege, anashangaa moshi.

"Rudi ndani!"

Hakusikia. Aliinua mkono sikioni, akasogea hatua mbele.

Kinyozi hakukumbuka baadaye aliwaza nini. Alizunguka nyuma ya kaka, akamkimbilia mkewe, akampokonya nguo moja kwenye beseni na kumsukumia ukutani. Akarudi kwa kupitia nyuma ya ndege, akalala kifudifudi kando ya bawa na kunyoosha mkono kuelekea bomba la moshi. Propela ilikuwa shubiri moja tu mbele ya vidole vyake. Haikuonekana, ulikuwa upepo tu, mduara wa hewa unaong'aa. Mkono ukagoma. Kweli ukagoma, kama si wake.

"Mdogo wangu," kaka alilia, "siwezi tena!"

Akafumba macho, akaisukuma ile nguo mbichi kwenye mdomo wa bomba, akaikandamiza. Moto ukapenya mpaka ngozini. Injini ikapaliwa, ikapiga chafya, ikazima.

Kaka hakuachia mkia. Ilibidi shemeji yake ambandue kidole kimoja kimoja.

"Umenichomea gauni," mke alisema hatimaye, akaangua kilio.

Kiganja cha kinyozi kilitoka malengelenge, na kwa siku kadhaa wateja walirudi na nywele zao. Alitaka kuitupa injini jalalani. Kaka ndiye aliyekataa. Alikuja na bisibisi, wakaifungua boneti pamoja, wakapanua nafasi ya waya, wakatoboa tundu la kuutoa mpira wa mafuta nje. Kisha kaka akaomba kijiti.

"Safari hii nawasha mimi. Wewe shika mkia."

Kinyozi akapiga magoti. Alimwona kaka akiinama mbele ya propela, kijiti kikiwa katika vile vidole vitatu, na akataka kumwambia waache, kesho ipo. Badala yake aliushika mkia kwa nguvu zake zote, akageuza uso pembeni, akasikiliza.