Makaa ya Bibi Halyna

"Tulia basi, Bibi, nikuchane," Angelika alisema, chanuo mkononi.

Bibi Halyna atulie wapi! Tangu asubuhi wimbo ni mmoja: moto, mto, shada la maua. Kwao Ukraine, sikukuu ya Kupala watu huruka moto ili maradhi yabaki nyuma, kisha hutupa mashada mtoni. Na kesho gari la nyumba ya wazee linakuja kumchukua. Asiporuka leo, ndiyo basi tena.

Msimamizi wa kampuni iliyomwajiri Angelika kumtunza bibi alikuwa amepiga simu mapema. "Mgonjwa hatoki ila kwenda kliniki. Ukimtoa, kazi huna."

"Nimekusikia," Angelika akajibu. Kusikia amesikia. Lakini mtu kuogeshwa, kulishwa, kisha kufungiwa ndani kama kuku, ndiyo huduma gani hiyo? Roho ilimuuma.

Jioni, jua bado kali, akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi bustanini, ukingoni mwa mto Niagara. Mumewe Silvano alikuja na kuni moja kwa moja kutoka kiwandani. Hajawasha kibiriti, askari wa bustani huyo.

"Hakuna moto bila kibali."

"Na wale?" Angelika akaonyesha familia iliyokuwa ikichoma soseji.

"Wale wanapika. Kupika ruhusa."

Angelika akacheka. Amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako kutoka kutafuta kuni kulikuwa kosa, na bado watoto walikula chakula kilichopikwa. Huyu askari atamwambia nini?

"Baba Florida," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "kimbia nyumbani. Lete jiko la mkaa na mahindi."

Mahindi yakachomwa. Askari akapita, akanusa, akaenda zake. Angelika akaepua, akashika kiti upande mmoja.

"Shika huko."

"Mama Florida, na kazi je?"

"Nimesema shika!"

Wakakiinua, wakampitisha bibi juu ya makaa mekundu. Alipiga kelele za furaha kama msichana. Askari akarudi mbio.

"Mnafanya nini?"

"Tunapika," Angelika akamjibu, akampa hindi la moto. Jamaa akalipokea, akalipuliza.

Bibi Halyna akatupa mtoni shada la maua alilokuwa amelipakata, maji yakalichukua. Hapo ikalia simu ya kazi, ile inayowaonyesha ofisini ulipo. Angelika alijua ni nani.

"Sasa wewe," bibi akamwambia. "Mimi naondoka. Wewe ndiye unabaki na hao wa ofisini."

Simu iliendelea kulia. Angelika akaiweka kwenye nyasi, akakaza kitenge kiunoni, akaruka makaa.