Jukwaa la Bluu la Kwaya

Usiku wa kuamkia leo, Jumapili, niliota niko nyuma ya nyumba ya mama mdogo Subilaga, nafanya mazoezi ya kuchomelea. Hilo si ajabu. Ndipo ninapofanyia mazoezi siku zote, kwa mashine ndogo aliyoniachia mjomba Ambilikile alipohamia Tunduma. Ila kipande cha chuma nilichokuwa nakichomelea kilikuwa kinanisemesha, na mimi sikushtuka.

"Unakwenda mbio," kilisema. "Tazama mshono wako. Mwanzo mnene, mwisho mwembamba. Unamkimbia nani?"

"Watu wakinitazama nakwenda mbio," nikajibu.

"Mimi sina macho."

Nikakitazama, kweli hakina. Nikapunguza mwendo, na mshono ukalala vizuri kama ukili wa mkeka. Nilifurahi. Halafu vitundu vikaanza.

Mashine hii hutumia gesi. Gesi hutoka kwenye mtungi, hupita ndani ya mpira mrefu, na kukifunika chuma wakati bado ni uji, ili hewa isiingie. Gesi isipofika, mshono hujaa vitundu kama mkate, na mshono wa namna hiyo haubebi kitu. Mjomba alinifundisha hivyo.

Nikaenda kuuliza kwenye mtungi. Pale juu kuna kioo cha kupimia, na ndani ya kioo kuna gololi inayopanda na kushuka. Safari hii gololi alikuwa amevaa tai.

"Gesi haifiki," nikamwambia.

"Kwenu hakuna shikamoo?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Hapa kwangu wanapita kumi na wawili kila dakika. Nimewahesabu mwenyewe. Huko mbele si ofisi yangu."

Mjomba alisema gesi inatakiwa lita kumi na mbili kwa dakika. Sikujua kwamba lita ni wanawake. Niliufuata mpira nikawakuta katikati, mahali ulipopasuka nami nikapafunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Wanatoka hapo mmoja mmoja, wanakung'uta vitenge vyao, wanakaa chini na kuanza kuchambua maharage.

"Mama zangu, mbona hamfiki?"

"Tumefika," akasema mnene mmoja. "Pana mlango hapa."

"Si mlango, ni ufa. Niliufunga."

"Uliufunga ukiwa na haraka, mwanangu. Ona, hata sufuria imepita."

"Na waliofika mbele ni wangapi?"

"Watatu. Mmoja ana mafua."

Niliona aibu kuwaambia wanyanyuke, maana wote ni wakubwa kwangu. Ningekata ule mpira nikaunga upya, ingekuwa kazi ya dakika chache. Sikuukata. Nilirudi kwenye mtungi nikafungua gesi mpaka mwisho.

Wakaja arobaini kwa mkupuo. Wanasukumana, wanakanyagana, vitenge vinapepea, kila mmoja anataka kufunika yeye. Katikati ya vurugu hiyo akapita mwanaume mrefu mwenye koti, akafuta miguu yake kwa adabu.

"Mimi ni Hewa," akasema. "Nimekuta pako wazi."

Akakaa ndani ya mshono wangu. Akawaita na ndugu zake.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo si la ndoto. Kwaya yetu ilitaka jukwaa la chuma la ngazi tatu, lenye mbao za kukanyagia, waimbaji wasimame wote waonekane. Wazee wa kanisa walitaka fundi wa mjini. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alisimama mbele ya kwaya nzima akasema, "Mpeni Hobokela wangu. Anaweza." Nikapewa. Alhamisi, nikichomelea miguu ya kushoto, vitundu vikatokea. Nikafungua gesi zaidi, vikazidi. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekuja na vijana kulichukua, wamesimama wananitazama. Nikaona tabu kusema. Nikaziba vitundu kwa puti, ile wanayozibia bodi za magari, nikapaka rangi ya bluu juu yake. Mjomba akapiga simu, "Mishono ikoje?" Nikasema iko sawa. Walilisifu sana. Mmoja alisema halionekani kama kazi ya mtu aliyeishia darasa la tano.

Leo ndiyo siku ya kwanza kwaya kusimama juu yake. Mama mdogo husimama ngazi ya juu, kushoto.

Tuendelee na ndoto. Niliinua kofia ya kuchomelea nimfukuze Hewa, nikajikuta niko kanisani, nimelala chali chini ya jukwaa.

Juu yangu mishono inaguna. "Mm. Mm mm." Natazama vizuri. Kila kitundu ni mdomo, na kila mdomo umejaa puti. Nachukua msumari naanza kuukwangua mmoja. Unatema, unakohoa.

"Tangu Alhamisi," unasema. "Tangu Alhamisi hatujaongea."

"Mnisamehe."

"Sisi hatuna shida. Ni nani anayesimama hapa juu yetu?"

"Mama mdogo."

Mdomo mwingine, nilioufungua nusu, unauliza, "Ni mzito?"

"Wa kawaida. Ila wakifika kwenye pambio huwa anaruka."

"Anaruka?"

"Wote wanaruka."

"Basi ungetuambia mapema," unasema kwa upole. "Tungekuambia hapana."

Kwaya inaingia. Naona viatu tu. Viatu vya mama mdogo navijua, vyeusi, kisigino cha kulia kimeliwa upande. Vinapanda ngazi ya kwanza. Vinapanda ya pili. Nafungua mdomo nipige kelele, na wale wanawake wa gesi wananifikia, safari hii wote kumi na wawili, hakuna aliyepungua. Wananizunguka na vitenge vyao, wananifunika mdomo vizuri kabisa.

"Mbona mnanifunika?" nasema, lakini sauti haitoki.

"Ndiyo kazi yetu," anasema yule mnene. "Si ulitaka tufike?"

Viatu vinapanda ngazi ya tatu. Wimbo unaanza. Naushika mguu wa kushoto wa jukwaa kwa mikono miwili. Mama mdogo anainama na kunichungulia katikati ya mbao, huku akiendelea kuimba sauti ya pili.

"Hobo, unafanya nini huko chini? Toka, utachafuka."

Nikavuta kitenge kimoja kwa meno, kikashuka kidogo.

"Mama mdogo, shuka!"

"Nishuke niende wapi? Jukwaa si lako?" Akawageukia wenzake. "Hili ametengeneza mtoto wangu."

Alisema hivyo akicheka, anaonyesha mbao kwa kidole. Kisha likafika pambio. Wakaruka. Mshono wa kushoto ukasema, "Samahani, dada," ukaachia.

Nikaamka.

Kumeshapambazuka. Mama mdogo amesimama mlangoni, amevaa sare ya kwaya, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Wewe, hujaoga mpaka sasa? Leo nataka ukae benchi la mbele. Nataka wakuone."

Nikakaa kitandani. Nilitazama ukuta, kwa sababu kumtazama yeye nisingeweza.

"Mama mdogo, leo imbeni mkiwa sakafuni."

"Kwa nini?"

"Mishono ya kushoto ni mibovu. Ina vitundu. Niliziba kwa puti."

Alikikunja kitambaa mpaka kengele ya kwanza ya kanisa ikapigwa.

"Ulijua lini?"

"Alhamisi. Kabla hawajalichukua."

"Alhamisi," akasema. "Na Ijumaa nimezunguka mtaa mzima nawaambia watu waje walione."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alikuja akakaa kando yangu, akavua kiatu cha kushoto, akaanza kusugua mguu.

"Nitamwambia mwalimu wa kwaya mwenyewe," nikasema.

"Utamwambia. Mbele ya wote, kama nilivyosema mimi." Akavuta sketi juu kidogo. "Na huu mguu sijui umefanyaje. Nimelala mzima, nimeamka unauma."

Kwenye muundi palikuwa na mchubuko mrefu, ulionyooka kama umepigwa na ukingo wa chuma. Ndani ya mchubuko mlikuwa na rangi ya bluu.

"Hii nimeitoa wapi?" akauliza. "Hata jukwaa lenyewe sijalisogelea bado."

Nilipiga magoti nikaifuta kwa pindo la shuka. Rangi ilikuwa mbichi.